Bi Turkiya wa Dirishani: "Naona Haya, Siumwi"

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Turkiya Humaid anastaafu baada ya kuitumikia masjala ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Mimi nimeolewa wiki sita tu zilizopita, kwa hiyo mtanisamehe nikisifu kupita kiasi; siku hizi kila kitu nakiona kizuri. Lakini Bi Turkiya alikuwa mzuri tangu zamani.

Alitoka kwao Pangani akiwa na miaka ishirini na sita. Wakongwe wanakumbuka kwamba mwezi wa kwanza aliwasalimia watu huku akizitazama ndala zake. Kazi yake ilikuwa kutafuta mafaili na kuwaita wagonjwa kwa sauti dirishani. Sauti haikutoka. Basi akawa anatoka na faili mkononi hadi kwenye benchi. Wanawake aliwagusa bega na kuwanong'oneza majina yao. Wanaume alisimama mbele yao akakohoa kidogo. Hakuna aliyejua kikohozi kile kilianza lini kuwa utaratibu wa ofisi, lakini kilikuwa.

Mwaka 2009, daktari mgeni aliyekuja kupima afya za wafanyakazi aliandika kwenye faili lake kwamba ana maradhi ya kuogopa watu. Wakubwa wakaamua ahamie stoo, asionane na wagonjwa tena. Dirishani akawekwa Luka, mwenye sauti ya mnadani. Asubuhi ya kwanza Luka alimwita bibi mmoja wa Pongwe: jina, ukoo, na kliniki anayokwenda. Bibi hakuinuka. Aliyefuata naye hakuinuka.

"Mwiteni yule mwenye haya," bibi akasema. "Siri zangu si samaki wa kunadiwa."

Huko stoo, mlinzi wetu Mwinyijuma anaapa, Bi Turkiya alikuwa akizipa rafu shikamoo, moja baada ya nyingine, akijizoeza. Siku ya tatu akaingia kwa mganga mfawidhi.

"Shikamoo, daktari. Mimi naona haya, siumwi."

Mganga akamuuliza tofauti yake ni nini.

"Anayeumwa huja kwako kutaka dawa. Mimi nimekuja kutaka dirisha langu."

Mganga alilifungua faili, akaufuta ule mstari kwa kalamu nyekundu, na kesho yake kikohozi kikasikika tena bencheni.

Msidhani Bi Turkiya anadharau tiba. Luka yule yule alipopata ajali ya pikipiki, akawa hawezi tena kukaa penye watu bila kutokwa jasho, ni Bi Turkiya aliyemshika mkono akampeleka kwa daktari, na alimsubiri nje mpaka alipotoka.

Nami nilipoajiriwa miaka minne iliyopita, nikiogopa hata kumsalimia mtu, nilikuwa nimeshajipa ugonjwa niliousoma kwenye simu. Akaniambia, "Mwanangu, jina la maradhi haliokotwi njiani. Likikuumiza, twende ukapimwe. Kama ni haya, tembea nayo." Akanipa kazi: kila siku nianze mimi kumsalimia mtu mmoja. Siku ya arobaini na moja ilikuwa zamu ya Nadir wa maabara. Jamani, Nadir! Nilimsalimia mara mbili kwa kusahau, naye akaitikia mara mbili, na leo ndiye mume wangu, alhamdulillahi.

Somo wangu, aliyenifunda kwa ajili ya harusi kule Makorora, alikuwa Bi Turkiya. Mbele ya ukumbi uliojaa wanawake alisimama akaimba, sauti nyembamba isiyotetemeka, huku akizitazama ndala zake.

Asante, Bi Turkiya, kwa mabega yote uliyoyagusa. Mungu akupe afya, utulivu wa Pangani na wajukuu wengi wa kuwaita kwa kikohozi.

Wenzangu, siku ya kumuaga msingoje hotuba. Kaeni tu vitini. Atapita. Ukiguswa bega na kusikia jina lako, au ukisikia kikohozi mbele yako, ndiyo ameshakuaga.