Jirani Hajafunguliwa

Risala ya wenye maduka madogo wa Mtaa wa Mkwajuni, Malindi, kwa Mkuu wa Wilaya, siku ya kuzinduliwa ghorofa mpya ya supamaketi

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya. Bwana Laban, meneja wa supamaketi, ambaye kivuli cha hema lake ndicho tulichokalia. Wazee wetu, kina mama, mabibi na mabwana: assalamu alaikum, na kwa wasioitikia hivyo, hamjambo nyote.

KUKUKARIBISHA

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi karibu, na utuwie radhi kwa jambo moja la mwanzo. Risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti wetu, Mzee Mbaruk Abdulhalim. Kanzu yake imepigwa pasi tangu jana. Lakini hakuweza kuvuka barabara kuja hapa, ingawa ukigeuza shingo kidogo utamwona: ndiye yule aliyeketi kwenye baraza ya duka lenye milango ya kijani. Si mgonjwa, wala hana kiburi. Sababu iliyomzuia utaisikia mbele. Kwa hiyo anasoma katibu.

Waandalizi walituomba tuandike maneno machache ya kuishukuru kampuni kwa maendeleo iliyotuletea. Tuliketi kuyaandika, usiku wa kwanza na wa pili. Kila tuliposhika kalamu yakatoka haya, nasi tukaona afadhali tuyalete kama yalivyotoka.

ASILI YETU NA ADA YETU

Maduka ya Mkwajuni yalikuwako kabla barabara hii haijatiwa lami. Mengi ni ya chumba kimoja: mbele duka, nyuma nyumba, katikati pazia. Kwetu mtu hununua majani ya chai kwa kijiko, mafuta ya kupikia kwa kikombe, sabuni kwa kipande. Hatuoni aibu kumkatia mtu kipande. Mfuko wa mnunuzi ndio unaotupa kipimo.

Tunayo ada moja tuliyoikuta kwa baba zetu, na tunakuomba uishike vizuri, maana yote yafuatayo yanatoka hapo. Mnunuzi wa kwanza wa siku ndiye humfungulia muuzaji. Milango inaweza kuwa wazi tangu alfajiri, mizani imefutwa na udi umefukizwa, lakini mpaka mtu aingie anunue, hata kama ni kiberiti, muuzaji huyo hajafunguliwa, na riziki ya siku hiyo haijaanza. Na asiyefunguliwa haondoki dukani pake. Huenda kuswali na kuzika tu. Harusini haendi, wala mkutanoni.

Aliyekwisha funguliwa naye, akimwona mwenzake angali amekaa bure, humwambia mnunuzi wa pili: "Nenda kwa jirani, hajafunguliwa." Mnunuzi huenda, bila kununa. Lakini sisi kwa sisi hatufunguliani. Kununua kwa mwenzako ili umfungulie ni kumpa sadaka, na mwenye duka hapokei sadaka ya mwenye duka. Kwa ada hiyo, Mgeni rasmi, mtaa huu umeuza na kununua miaka yote hiyo na hatujawahi kupelekana kwa chifu.

TULIYOYAFANYA

Mafanikio yetu si ya kupigwa picha. Mwaka ule wa njaa, mahindi ya manjano yalipokuja, tuliyauza kwa kibaba na nusu kibaba ili yafike hata kwa mwenye mlango wa mwisho. Jeneza la msikiti tulilinunua sisi, na mabati ya kanisa moja la Kakuyuni yana mkono wetu. Mfereji wa maji ya mvua unaopita mbele ya jengo hili tuliuchimba kwa harambee, kabla jengo halijawa hata na msingi. Leo unalikinga lisiingie maji, nasi tunafurahi kwamba jasho letu limemfaa jirani.

YALIYOTUFIKA

Ujenzi ulipoanza tuliambiwa hili ni duka la wageni wa mahoteli: jibini, mvinyo, mafuta ya kujipaka juani. Kampuni yenyewe ni ya ng'ambo, ina maduka katika nchi ambazo sisi twazisikia redioni. Hatukuingiwa na hofu. Mafundi waliomba maji ya kunywa, tukawapa. Walipousimamisha ukuta wa vioo, tulikwenda mmoja mmoja kutazama vilemba vyetu vilivyokaa. Mahali pakapata jina: Kwa Vioo.

Asubuhi supamaketi ilipoanza kuuza, Mzee Mbaruk alikuwa amefunguliwa mapema. Mtu alinunua mafuta ya taa. Kisha akaja Kadii, mama mkulima wa Kakuyuni, na nazi zake kichwani. Desturi yao ni ya miaka mingi. Mzee hununua nazi, na Kadii kwa pesa zilezile hununua sukari, chumvi na sabuni. Siku hiyo Mzee alizipokea nazi, akalipa, halafu akatazama ng'ambo ya barabara. Kwa Vioo taa zilikuwa zinawaka mchana na ndani hamna mnunuzi. Vijana wa kazi wamesimama na mashati yao mapya, mikono nyuma. Mzee akawaonea imani.

"Kadii," akasema, "sukari usinunue kwangu leo. Nenda pale kwa jirani mgeni, hajafunguliwa."

"Pale mimi naogopa, Mzee. Sakafu inang'ara kama maji."

"Vua ndara uingie. Huyo ni jirani kama majirani wengine."

Kadii akavua ndara, akavuka barabara, akaingia.

Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulifanya hivyo siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Sisi huamka na adhana, wao hufungua milango jua limekwisha panda, basi kila asubuhi tukitazama Kwa Vioo twaona jirani bado hajafunguliwa. Tukawatuma wateja wetu, tukawaonyesha mlango, na vikongwe tukawashika mkono kuvuka. Tukilikumbuka jambo hili hata leo tunatazamana tu. Hakuna tangazo la redio ambalo lingeifanya kazi ile tuliyoifanya sisi, tena bure.

Kisha tukangoja. Jirani akishafunguliwa naye humkumbuka mwenzake. Wiki zikapita, hakuletwa mtu. Mzee Mbaruk akatutuliza: "Ni wageni hawa, hawajajua. N'takwenda mwenyewe niwaeleze." Siku moja alipokwisha funguliwa akavaa koti juu ya kanzu, akavuka.

Yaliyompata ndani ametupa ruhusa tuyaseme. Mlangoni bawabu alimtaka aache mkoba wake, naye akauacha. Akatoa salamu kwa sauti ya mtu aingiaye nyumba ya watu. Muziki ukaendelea, hapana aliyeitikia. Akashika njia kati ya rafu, na huko akawakuta wanunuzi wake. Huyu aliinamia unga, yule akazunguka nyuma ya masufuria, na mmoja alizama kusoma kopo la dawa ya viatu, naye maisha yake yote hutembea pekupeku. Watu aliowauzia tangu wakiwa migongoni mwa mama zao walikuwa wanamkimbia kama askari kanzu.

Akazidi kwenda mpaka rafu moja ikamsimamisha. Palikuwa na pakiti ndogo zenye picha ya mnazi. Akasogeza miwani. Ilikuwa nazi. Imekunwa, imekaushwa, imetiwa katika pakiti, na imekuja kwa meli. Mgeni rasmi, nazi, Malindi. Mzee aliishika pakiti akaigeuza, akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza maji ya dafu.

"Hiyo haina kazi ya kukuna," mtu akasema nyuma yake, na sauti ile ilikuwa ya nyumbani kwake.

Alikuwa Bi Batuli, mkewe. Ameshika kikapu cha chuma, na ndani ya kikapu mna pakiti mbili kama ile.

Mzee akairudisha pakiti rafuni. Duka analo. Nyumba yake ni nyuma ya pazia. Nazi za Kadii zimejaa chini ya kaunta hata nyingine zimeanza kuchipua. Na mke wa nyumba hiyo amekuja kununua nazi ya ng'ambo.

"Batuli, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Watafutani huku?"

"Si wewe ulon'tuma?" Bi Batuli alisema taratibu, watu wasisikie. "Siku ile hata mimi uliniambia, nenda kwa jirani, hajafunguliwa. N'kaja. Mikono yaniuma, Mbaruk. Miaka yote hii nakuna nazi, nawe hujaniuliza hata siku moja."

 Mzee alipotusimulia hapo, nasi tuliinama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaifikiria mbuzi ya nazi iliyo nyumbani kwake na mtu anayeikalia. Basi akafanya analolijua. Akampokea mkewe kikapu, akamchukulia mpaka kwa karani wa pesa, maana hawezi kumwacha abebe mzigo mbele za watu.

Hapo kwa karani ndipo alipomkuta Bwana Laban, akamweleza ada yetu. Bwana Laban alimsikiliza kwa adabu, na hilo tunamshukuru.

"Mzee wangu," akamjibu, "kampuni haikuniweka hapa nifukuze wateja."

"Si kumfukuza, mwanangu. Ni kumpeleka kwa mwenzako."

"Kwa kampuni, Mzee, hayo yote ni kitu kimoja."

Mzee akatoka, akasahau mkoba wake kwa bawabu. Ulirudishwa jioni na kijana mmoja wa pale, naye tunamtaja kwa wema.

Tangu wakati huo maduka yamekuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Duka la marehemu Mahadhi, ambalo harufu yake ya iliki ilikuwa ikikupokea kabla ya mwenyewe, sasa kampuni imelikodi kuwekea maboksi matupu. Kadii angali anakuja na nazi. Mzee humnunulia chache kwa haya, na zilizobaki mama huyo huzirudisha Kakuyuni kichwani, kama alivyokuja nazo. Alizipeleka Kwa Vioo, wakamwambia hawapokei nazi isiyo na pakiti.

Hatusemi wamevunja sheria. Vitu vyao ni safi, bei yao iko chini, na Bi Batuli anasema mikono imempoa. Wala wateja wetu hatuwalaumu, kwa kuwa njia tuliwaonyesha sisi. Tunachosema ni kwamba tumeshtuka, Mgeni rasmi, na mshtuko wenyewe haujatutoka. Tulidhani mtu akikaa mlango kwa mlango nawe, basi ni jirani. Hatukujua kwamba kuna duka linaloweza kuwa na milango, taa na watu ndani, na lisiwe na jirani hata mmoja.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi, ya leseni na ya kodi. Yameandikwa kando na msaidizi wako anayo. La hapa ni moja tu, nalo halingoji.

Mzee Mbaruk aliporudi kutoka Kwa Vioo siku ile alisema neno mbele yetu, na yeye si mtu wa kulamba matapishi yake. Alisema: "Siku n'takayokaa kutwa nisifunguliwe, magharibi n'tafunga, na asubuhi yake msin'gojee." Tangu hapo riziki imekuwa ikimnusuru. Leo mtu wa kiberiti, kesho mtoto wa peremende. Lakini hii leo barabara imezungushwa kamba tangu alfajiri kwa ajili ya sherehe, na mtaa mzima umeketi chini ya hema hili kungoja soda za bure. Tumetazama watu waliokaa hapa. Kuanzia safu ya pili mpaka ya mwisho, wengi ni wanunuzi wake. Sisi wenzake tulifunguliwa na mtu mmoja mmoja kabla kamba haijakazwa, na hakuna aliyepata wa pili wa kumpeleka kwake.

Ndiyo sababu hayupo kukusomea. Hajafunguliwa. Adhana ya alasiri imekwisha, na tulipoanza kusoma baraza yake ilikuwa nusu kivuli; sasa kivuli kimefika miguuni pake.

Sisi hatuwezi kumfungulia, ada tumekueleza. Mkewe hahesabiwi. Wewe unaweza. Tunakuomba, kabla hujakata utepe wa ghorofa hii, uinue kamba ile uvuke barabara ukanunue kiberiti. Na kama itifaki haikuruhusu, basi hatuna budi kumgeukia jirani yetu. Bwana Laban, wewe umefunguliwa leo, na jana, na kila siku tangu tulipokuletea Kadii. Watu wote hawa wamekuja kwako. Hatukuombi uwafukuze. Tupe mmoja. Lile neno unalijua, maana Mzee alikufundisha mwenyewe kwa kinywa chake. Kipaza sauti hiki tunakiweka mbele yako, kisha tutanyamaza.

Mola akurudishe salama kwenu, Mgeni rasmi, awabariki walioketi hapa kivulini, na amtazame yule aliyeketi kule. Amina.

Ni sisi,
Jumuiya ya Wenye Maduka Madogo, Mtaa wa Mkwajuni, Malindi
Novemba 1987

Dzombo Karisa, katibu, amesoma.
Mbaruk Abdulhalim, mwenyekiti, yuko dukani.