Anneth Bartholomayo, Aliyerudi Kazini na Kuanza Kemia Upya

Habari zilifika Kanazi siku ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa tisa alasiri. Mama Agness alikuwa ameketi uani akichambua mbegu za maharage. Simu ilipolia aliona jina la mkwewe Xavery, akapokea akiwa na furaha, maana alitegemea kuambiwa kwamba binti yake ameruhusiwa kutoka hospitali.

"Haya mwanangu, ameshakula?" aliuliza.

Xavery aliitoa simu sikioni. Simu ikachukuliwa na kaka yake, Danstan, ambaye ukoo mzima unamjua kwa utani. "Mama, Anneth amefariki."

"Danstan, mzaha wako uishie huko kwenu," Mama Agness akamjibu, akakata simu. Akaendelea kuchambua maharage. Ilibidi apigiwe mara ya pili, na safari hiyo aliyepiga alikuwa Padre.

Marehemu Anneth alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1987, katika kijiji kimoja cha kata ya Kanazi, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Bartholomayo, ambaye alitangulia mbele za haki mwaka 2011, na Mama Agness. Alibatizwa akiwa na majuma matatu.

Alisoma shule ya msingi Kanazi kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, kisha akaendelea na sekondari hadi alipohitimu kidato cha nne mwaka 2005. Biolojia alifaulu vizuri. Kemia alifeli, kwa kuwa darasa lake lilikaa miaka miwili bila mwalimu wa somo hilo. Kwa sababu hiyo hakuweza kwenda uuguzi kama alivyotamani, akasoma mafunzo ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika zahanati moja wilayani Ngara. Tarehe 22 Novemba mwaka huohuo alifunga ndoa takatifu na Xavery, mzaliwa wa Mabawe. Mungu aliwajalia watoto watatu: Jean Paul, Erasmus na Tecla. Tecla alizaliwa mwaka 2016 kabla ya siku zake, akiwa dhaifu sana. Anneth aliacha kazi ili amlee. Mwaka 2018 familia ilihamia Biharamulo mjini, Xavery akafanya biashara ya nafaka sokoni, na mama yake, Bibi Verediana, akaja kuishi nao. Kwa miaka minane Anneth hakuvaa sare ya kazi. Aliitunza katika mfuko wa nailoni, na kila Pasaka aliifua na kuipiga pasi.

Tarehe 15 Januari 2024, Tecla akiwa na afya njema na anasoma, Anneth alirudi kazini katika zahanati ya binafsi mjini Biharamulo. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa, kuwapima uzito na presha, na kuwaelekeza kwa daktari. Juma la kwanza tu alirudi nyumbani akasema wauguzi waliokuwa watoto wa shule alipoacha kazi sasa ndio wanaomtuma maji ya kunawa. Hakusema kwa wivu. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo alipoanza kupima njia zake. Ya kwanza ilikuwa kubaki mhudumu, kwa kuwa kazi ilikuwepo mkononi. Ya pili ilikuwa kusomea maendeleo ya jamii, ambako vyeti vyake vingetosha bila kurudia mtihani. Ya tatu ilikuwa uuguzi, na hiyo ilimtaka arudie kemia ya kidato cha nne, akiwa anaelekea miaka thelathini na saba. Alimuuliza Padre, akawauliza wauguzi wenzake, akamuuliza hata mwalimu wa Jean Paul. Mwezi Februari alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea katika kituo cha Ngara, kwa mtihani wa Novemba.

Alisoma alfajiri kabla ya kuchota maji, akitumia vitabu vya mwanawe. Ili asisahau, kila elementi aliipa mtu wa nyumbani. "Mama mkwe ni dhahabu, haingii kutu," alisema mezani. "Shemeji Danstan ni sodiamu. Ukimgusisha maji kidogo tu, analipuka."

"Na wewe mwenyewe ni nani humo?" Danstan akauliza.

"Mimi bado sijagunduliwa, shemeji."

Walicheka sana siku hiyo. Siku nyingine kicheko kilikuwa chao peke yao. Danstan alizoea kumwita "denti" mbele ya wageni, na kumuuliza kama sare ya shule ameshonewa na kaptura. Anneth alikuwa akiinama na kuendelea kugawa chakula.

Mwezi Agosti alianza kuumwa kichwa kisogoni, akawa anameza dawa za maumivu na kuendelea na kazi. Familia inasema jambo hili wazi mbele ya Mungu, na kwa ruhusa ya Bibi Verediana mwenyewe: tuliamini kwamba vitabu ndivyo vilivyokuwa vinamuumiza. Tarehe 14 Septemba Bibi alivikusanya vyote, akavifungia sandukuni, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Kichwa cha mtu mzima kimeshajaa, mkamwana," alimwambia. "Ukizidi kukijaza kitapasuka. Pumzika."

"Sawa, mama," Anneth alijibu. Hakuwahi kubishana naye.

Kichwa kiliendelea kuuma. Katekista aliitwa, tukasali rozari siku tisa. Siku ya tisa alitapika, na Danstan akasema kemia ndiyo inatoka. Tupo tuliocheka. Hakuna kati yetu aliyesema mgonjwa apelekwe kupimwa, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anakwenda zahanati, nasi tukaona mtu anayeshinda huko hawezi kukosa kupimwa.

Katikati ya Oktoba mwenye zahanati alimwambia achague. Kama angekwenda Ngara kwa majuma mawili ya mtihani, nafasi yake ingepewa mwingine. Alitaka jibu ifikapo tarehe 31. Anneth alimweleza mumewe kwamba ameamua: anataka kuacha kazi, afanye mtihani, kisha aende uuguzi. Aliomba akubaliwe tu, na vitabu virudishwe.

"Tutaongea tukimaliza kupanda," Xavery alisema, akaenda Mabawe shambani.

Anneth alimpigia simu mara nne. Mara zote jibu lilikuwa kwamba mvua imekuja vizuri, wataongea akirudi. Tarehe 31 Oktoba saa nne asubuhi Anneth alimwambia mwenye zahanati kwamba atabaki kazini, mtihani ameuacha. Jioni alipika kama kawaida. Jean Paul anasema mama yake alimwambia, "Vile vitabu bibi akikupa, ni vyako sasa. Usivichorechore."

Jumamosi tarehe 2 Novemba, akiwa anampima mgonjwa, mkono wake wa kulia uliishiwa nguvu. Muuguzi mwenzake, Nimpaye, alimkalisha akampima kwa kile kipimo alichokuwa nacho mkononi. Presha ilikuwa 220 kwa 130.

"Dada, wewe hujawahi kujipima?" Nimpaye aliuliza.

"Foleni huwa ndefu," alijibu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kueleweka.

Alikimbizwa hospitali. Madaktari walisema mshipa wa damu umepasuka kichwani, na kwamba presha hiyo ilikuwa ya muda mrefu, wala haikuletwa na vitabu. Walimhudumia kwa kila walichoweza. Padre alimpa mpako wa wagonjwa siku ya Jumatatu. Xavery alifika kutoka Mabawe usiku huo akiwa na udongo viatuni, na akamkuta mke wake hafumbui macho. Anneth alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba, saa nane na dakika ishirini mchana.

Ameacha mume, Xavery. Watoto, Jean Paul mwenye miaka kumi na mitano, Erasmus kumi na miwili, na Tecla minane. Mama mzazi, Agness. Mama mkwe, Verediana. Na ndugu watano.

Mwili uliagwa jana Jumatano nyumbani Biharamulo, kabla ya safari ya kuja hapa Mabawe anakozikwa leo. Walitangulia wafanyakazi wenzake, wakafuata majirani na wanajumuiya, kisha watoto. Mama Agness aliletwa akiwa ameshikwa pande mbili. Wa mwisho alikuwa Xavery, na yeye mwenyewe ameomba iandikwe alivyosema. Aliinama juu ya jeneza akasema, "Mama Jean Paul, lile jambo, nimekubali." Akatega sikio, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Danstan akamshika bega, akamwondoa. Jeneza likafungwa.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Anneth, umpumzishe kwako.