Kibuyu cha Kwanza Hunywewa na Mmiminaji: Kumuaga Bi Nelba Irureta

Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2024, Bi Nelba Irureta Sosa atastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Ushirika ya El Naranjal, hapa Salto, kwa miaka thelathini. Wengi wetu tulimkuta kazini tulipoajiriwa, na tulidhani tungemwacha hapo hapo, chupa yake ya maji moto kwapani na kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, mkononi, akipita kwenye korido na kuuliza mashine zetu zimeamkaje kabla hajauliza tumeamkaje sisi.

Kwa wale ambao hadi leo wanamwita fundi wa printa, tueleze kidogo. Mama anayenunua chungu sokoni haridhiki kukitazama kwa macho. Hukiinua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chungu kizima huitika. Chenye ufa hugugumiza. Kazi ya Bi Nelba ilikuwa kugonga vyungu. Kila kompyuta, kila seva, kila mashine iliyounganishwa na mtandao wa hospitali aliigonga kwa programu maalumu, akasikiliza jibu lake, akajua ipi ina ufa ambao mdukuzi anaweza kupitisha mkono.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Nyufa siku zote ni nyingi kuliko mafundi, kwa hiyo lazima uamue upi uzibwe leo na upi uvumiliwe. Lazima umbembeleze mwenye chungu akubali kukiachia kwa muda kizibwe. Kisha lazima urudi ukigonge tena, kwa sababu kiraka kilichobandikwa vibaya ni ufa uliovaa nguo.

Bi Nelba alianza mwaka 1994, kweli kwa kutengeneza printa. Baadaye alisomea usalama wa mitandao kwa kusafiri kwa basi hadi Montevideo, miaka kadhaa, na aliporudi na shahada yake aliomba chumba kidogo kando ya ghala la mashuka, tukakiita chumba cha mashuka. Ukaguzi wake wa kwanza haujasahaulika. Hakujua bado kwamba printa za zamani, zikigongwa na programu ile, hudhani zimetumwa kazi. Zilianza zote kwa pamoja kutema karatasi zenye maandishi yasiyosomeka. Bi Delmira wa uhasibu alitoka mbio akishika kichwa: "Nelba, njoo! Printa yangu imepandwa na pepo, inasema kwa lugha za ajabu!" Bi Nelba alikuja, akasoma karatasi moja, akamjibu, "Pepo ni mimi, mwenzangu. Nisamehe, na uniokotee hizo karatasi, nyuma zinaandikika."

Tulicheka. Lakini jambo lililofuata halikuwa la kuchekesha, na ndilo lililomfanya awe Nelba tunayemuaga.

Katika wodi ya figo wagonjwa hukaa vitini nusu siku wakisafishwa damu. Mashine zao huongea na kompyuta moja inayofuatilia shinikizo la damu na kiasi cha maji mwilini. Asubuhi moja ukaguzi wa Bi Nelba ulifika wodini humo, na kompyuta ile, kama chungu kikuukuu kinachopasuka kwa kugongwa tu, ikaganda. Wauguzi walilazimika kupima kila mgonjwa kwa mkono hadi zamu ilipokwisha. Hakuna aliyeumia, ila wapo waliotishika. Muuguzi mkuu, Wáshington Olascoaga, aliung'oa waya wa mtandao ukutani kwa mkono wake, akashuka nao hadi chumba cha mashuka.

"Bi Mhandisi," alimwambia, "kule kwangu hakuna kompyuta. Kuna watu waliofungwa kwenye kompyuta. Siku nyingine ukitaka kugonga, gonga za kwako kwanza!"

Uongozi ukampa Olascoaga kibali: wodi ya figo isiguswe na ukaguzi wowote. Bi Nelba hakukipinga. Alipanda juu, akaenda kiti hadi kiti kuwaomba radhi wagonjwa. Mzee Eleuterio, mstaafu wa reli ambaye hadi leo hutibiwa hapo, alimfariji kwa namna yake: "Usilie, mwanangu. Mimi treni yangu iliacha reli mara mbili, na bado walinipa pensheni."

Maneno ya Olascoaga hayakumtoka. Sote tunajua desturi ya kibuyu tunachopokezana: anayemimina ndiye anayekunywa cha kwanza, kile kichungu chenye vumbi la majani, ambacho wazee hukiita kibuyu cha mjinga. Mgeni hapewi. Bi Nelba aliigeuza desturi hiyo kuwa sheria ya kazi. Tangu siku ile hakuna ukaguzi ulioanzia kwa mtu mwingine. Ulianzia kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha kwenye za kitengo chake, na mwenye idara alialikwa aje aone. Zikiganda, ziligandia kwake. Vijana aliowafunza walinung'unika kwamba kazi zao zilipotea bila sababu. "Sababu ipo," aliwajibu. "Ni zamu yenu ya uchungu."

Miaka ikapita, na kibali cha wodi ya figo kikaota mizizi. Kisha zikaja habari kwamba hospitali moja ya mbali ilifungiwa mitambo yake yote na wadukuzi, nao waliingilia kwenye programu ile ile inayotumika katika wodi yetu ya figo. Ufa tulikuwa nao, na hatukuruhusiwa kuugusa. Kama wangepenya kwetu, wale watu vitini wangekwenda wapi? Mashine nyingine kama hizo ziko mbali, na damu haisubiri.

Mkurugenzi alikuwa tayari kumlazimisha Olascoaga kwa amri. Bi Nelba alikataa. Alisema mlango uliofunguliwa kwa teke haufungiki tena vizuri. Badala yake akaanza kupanda wodini kila siku saa ya mapumziko, na chupa yake.

"Umekuja kunilainisha," Olascoaga alimwambia siku ya kwanza.

"Nimekuja kunywa. Ukilainika, shauri yako."

Alikunywa cha kwanza, akamimina cha pili, akampa. Walizungumza juu ya mvua, machungwa na goti la Olascoaga. Ilichukua muda hadi yeye mwenyewe alipouliza ule ufa unafananaje. Bi Nelba akamweleza habari ya chungu, akamwomba kitu kimoja tu: ile mashine ya akiba iliyokaa stoo, na kompyuta yake, zishushwe chumba cha mashuka. Wangezigonga huko wawili, bila mgonjwa.

Zikashushwa. Akazigonga taratibu kuliko alivyowahi kugonga kitu chochote. Kompyuta ikaganda vile vile.

Tulidhani yote yameharibika. Olascoaga ndiye aliyesema, "Kumbe sikuwa mkorofi bure."

"Mkorofi ni wewe," alijibu Bi Nelba. "Ila leo ni mkorofi mwenye haki. Haigongwi. Sasa tukae tufikiri."

Hapa wanafunzi wa kazi hii wasikilize, kwa sababu wengi hudhani kwamba ufa usiozibika ni ufa ulioshinda. Chungu kisichogongeka wala kuzibika unaweza kukiweka chumba chake, ukafunga mlango. Wawili wale waliitenga wodi ya figo na mtandao mwingine wote wa hospitali, wakaiachia njia moja nyembamba, na ruhusa ya kuifungua akapewa Olascoaga. Pale ambapo hakuweza kugonga, Bi Nelba alikaa na kusikiliza tu kinachopita mlangoni. Akaendelea kumsumbua mtengenezaji wa programu hadi kiraka kilipopatikana, nacho kilijaribiwa kwanza kwenye mashine ya akiba, chumba cha mashuka.

Waliokuwapo wanaukumbuka msimu wa baridi uliofuata. Tulifika asubuhi tukakuta mapokezi, uhasibu na maabara, skrini zote zimefungwa, na ujumbe wa kudai fidia umewaka juu yake. Kila mtu alimtafuta Bi Nelba kwa simu. Hakupokea, alikuwa anapanda ngazi kwenda wodi ya figo. Olascoaga alikuwa amesimama mlangoni kama mlinda goli.

"Huku kwetu damu inazunguka, dada," alimwambia. "Tulia upumue."

Ndani, mashine zilikuwa zinafanya kazi. Mzee Eleuterio alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Bi Nelba alimtazama kwa muda, akafuta macho, kisha akashuka kwenda kuanza kazi ya kurejesha mengine. Ilichukua wiki nyingi, tuliandika kwa kalamu kama babu zetu, lakini hakuna mgonjwa wa figo aliyekosa kiti chake hata siku moja.

Mwaka huu wodi imepata mashine mpya. Mwezi uliopita Olascoaga alishuka tena chumba cha mashuka, safari hii bila waya mkononi, akaomba kibali chake kifutwe. "Kabla hujaondoka, njoo unigongee hizi mpya," alisema. "Anza na za kwangu." Bi Nelba alicheka, akakataa. Alianza na ya kwake, kama kawaida, ndipo wakapanda pamoja, kabla wagonjwa hawajaingia. Aligonga ya kwanza, ya pili, hadi ya mwisho. Zote ziliitika.

Bi Nelba, tunakushukuru kwa kila ufa ulioziba bila sisi kujua kwamba ulikuwapo. Maji ya chemchemi za moto za Daymán yakutulize mgongo, michungwa yako izae hadi ugawe, na nyumbani kwako utosheke na komeo la kawaida. Ijumaa tutakutana ukumbini, na mvua ikinyesha kutakuwa na torta frita za moto, maandazi yetu ya siku ya mvua. Olascoaga amekwisha kutuonya kwamba chupa ataishika yeye na mtu mwingine asiiguse. Atamimina yeye, na cha kwanza atakunywa yeye. Kibuyu kitakapokufikia wewe, dada yetu, uchungu utakuwa umeshanywewa.