Theodosia Ngonyani na Ghala la Mawe

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi. Theodosia Ngonyani anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya umeme hapa Mfaranyaki, Songea. Alikuja mwaka 1990 akiwa mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na mmoja, akapewa kwanza kazi ya kufagia. Wiki ya pili alikutwa juu ya ngazi akiunga nyaya zilizowashinda wenzake. Ufagio ukatafutiwa mtu mwingine.

Wengi mnamjua kwa sauti yake katika kwaya. Sisi tunamjua kwa maboksi ya breka, yale yanayopokea umeme wa jengo na kuugawa kila chumba. Kumchagulia mwenye jengo boksi linalomfaa, hapo ndipo fundi hujulikana.

Ujuzi huo haukuja bure. Mwaka 1996 alichagua boksi la mgahawa mmoja, likajaa breka mpaka mwisho. Mwenye mgahawa akaongeza majiko mawili, na fundi wa mtaani akayabana kwenye breka iliyokwisha elemewa. Siku ya kwenda kukagua, mfuniko wa boksi uliokwishapata moto ulimuunguza mwenzetu mkono. Theodosia alisimama kwenye kikao akasema, "Kosa ni langu. Nilihesabu vilivyokuwepo, sikuhesabu vinavyokuja." Kisha akampelekea majeruhi uji hospitalini siku tisa mfululizo. Najua zilikuwa tisa, maana majeruhi ndiye mimi ninayeandika.

Mwaka 2011 Mzee Abasi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Namasakata, alinunua ghala la mawe la enzi za Wajerumani, lililojengwa miaka michache baada ya Maji Maji, akataka kuligawa maduka sita. Boksi alikwisha nunua: dogo, la breka sita.

"Maduka sita, breka sita. Hesabu gani tena, fundi?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee wangu," Theodosia alijibu. "Duka halili umeme, anayekula ni mpangaji. Naomba siku mbili niwaulize."

Akazunguka na daftari. Mwuza nyama alikuwa na majokofu matatu, Bi. Biasha wa saluni alitaka mashine nne za kukaushia nywele, na fundi cherehani alikuwa na pasi nzito. Kuta zenyewe zilikuwa nene kiasi kwamba kuzichimba mara ya pili kungeziharibu. Akaandika: umeme wa fezi tatu, yaani njia tatu za kugawana mzigo mkubwa, boksi la nafasi kumi na nane, sita zibaki tupu, lifungwe ukuta wa ndani usiofikiwa na unyevu.

Mzee Abasi alinuna. Bosi wetu wa wakati huo, Bwana Otto, akamwita. "Theodosia, mteja ameshanunua. Lifunge hilo hilo."

"Nitalifunga, bosi, ukisaini hapa kwamba umeniamuru."

Bwana Otto alimrudishia kalamu, akaagiza boksi kubwa.

Miaka miwili baadaye mota ya jokofu moja iliungua na nyaya zake zikagusana. Breka yake ikajizima, hiyo moja tu. Saluni iliendelea kukausha nywele, na Mzee Abasi, aliyekuwa barazani akinywa chai, hakujua lolote mpaka mwuza nyama alipotoka kulalamika. Alasiri ile mzee alikuja karakanani na kikapu cha korosho. "Binti yangu, Mwenyezi Mungu akulipe," alisema. "Nilikununia bure." Theodosia alicheka mpaka akakaa chini.

Leo mafundi saba aliowafundisha wanafanya kazi kutoka Songea hadi Tunduru, na wote huuliza kabla ya kupima.

Dada Theodosia, ahsante kwa ukaidi wako wa heri. Shamba lako la mahindi kule Mshangano likupokee vizuri, magoti yakutii, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Umetuachia kazi safi. Nasi tunakuombea miaka mingi ya amani.

Majaliwa Haule, kwa niaba ya karakana nzima