Kinyozi Aliyepimiwa Umeme Akiwa Amelala

Ndugu, majirani na wateja wa marehemu, huyu tunayemzika, mliyemwita Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha nyuma ya duka la vyombo, kitindamimba wa watoto watano, akamaliza shule ya msingi mwaka 1993, na mwaka uliofuata akashika mashine ya kunyolea, hakuiachia mpaka mwili ulipomwachisha.

Tarehe 6 Septemba 2003 alimwoa mshona mapazia wa jengo lile lile la duka la vyombo, aliyemwambia anyamaze kwanza ndipo amkubali, hakunyamaza, akakubaliwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2017 aliteleza kwenye ngazi, akapasuliwa mgongo, mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto ukabaki unawaka kama pasi, na tarehe 9 Mei 2019 akawekewa kiunoni, chini ya ngozi, kimashine cha kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo ili kutuliza maumivu. Umeme huo una kipimo kama dawa, nao hospitali walimpimia akiwa amelala chali, akisimama unafifia, akiuongeza kwa rimoti yake ili anyoe watu, akilala unampiga teke, wateja wakamtania, Wembe, leo umeme upo au umekatika, naye anacheka huku ameng'ang'ania kiti. Mama yake alimwambia mtaalamu wa kile kimashine, baba, mwanangu hanyoi watu akiwa amelala, akajibiwa, bibi, mambo ya umeme tuachie sisi, na kila walipokwenda alilazwa vile vile, akapimwa vile vile, miaka mitatu, mtu mzima anatafuna vidonge vya maumivu kama karanga, figo zikaharibika. Sikio la kufa halisikii dawa, safari hii sikio lilikuwa la mtaalamu, kifo kikawa cha mgonjwa.

Tarehe 20 Juni 2022 muuguzi mmoja alimsimamisha, akampa kitana, akamwambia haya, ninyoe, akampimia kipimo cha kusimama kivyake na cha kulala kivyake, dakika arobaini tu! Maumivu yakatulia, vidonge akaviacha, figo hazikurudi, zikamuua tarehe 2 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Familia inamshukuru muuguzi huyo, madaktari wa figo, majirani waliombeba kwenye ngazi, na vinyozi wenzake waliomshikia zamu. Yule mtaalamu hatumshukuru, na kama yumo humu asitupe pole, kesho ana wagonjwa, awasimamishe.

Pumzika kwa amani wewe, sisi bado.