Mama Ratiba: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kwenda Kuona Kwanza

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mhariri wa kipeperushi chetu cha Jijini Wiki Hii atafunga droo ya meza yake na kustaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Utamaduni kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Watu wa Utumishi walisema ni miezi mitatu. Akateremka masjala mwenyewe, akafukua jalada lake, akahesabu mbele yao, na sasa Utumishi nao wanasema minne.

Ndani ya jengo hili jina lake la kwenye vyeti hulitumia mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Mama Ratiba, na ndivyo wanavyomwita walinzi wa milango ya kumbi zote za jiji. Mimi nimepanga kurasa za kipeperushi chake kwa miaka kumi na minne, meza zetu zikitazamana, feni moja katikati. Feni huwa imeelekea kwake. Jambo hilo halijawahi kujadiliwa.

Niseme mapema kwamba kwa muda wa miezi minne hatukujua kama tunajiandaa kumuaga yeye tu, au yeye pamoja na kipeperushi chenyewe. Yeye alilijua hilo kuliko sote, na lilimnyima raha, ingawa hakulalamika hata siku moja.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Enzi hizo kipeperushi kilikuwa karatasi moja, na matangazo yaliletwa na wenye shughuli: kikundi cha maigizo, kwaya, mchoraji anayeonyesha picha zake. Kazi yake ilikuwa kuyachapa kama yalivyo. Wiki yake ya tatu alichapa tangazo la maonyesho ya vinyago mia moja katika chumba cha juu cha maktaba, kisha kwa udadisi tu akaenda kuviona. Alikuta vinyago vinne, na mwenye navyo akamweleza kwamba vingine bado anavifikiria.

Jumatatu aliingia kwa mkuu wa idara wa wakati huo na kumwambia kwamba hatachapa tena shughuli yoyote kabla mtu wa idara hajakwenda kupaona mahali itakapofanyika na kuzungumza na wahusika. Mkuu alidhani ni hasira za siku moja. Akamjibu kwamba ni wazo zuri, ila hana mtu wa kumtuma. Basi akawa anakwenda yeye.

Kwenda kwake si kuchungulia. Anakaa safu ya mbele, anahamia ya nyuma, anahesabu ngazi, anauliza choo kiko wapi na kama mlango wake unafungwa kwa ndani. Yote yanaingia kwenye daftari lenye jalada gumu. Ndiyo maana wasomaji wetu walizoea kukuta maneno kama haya: "Picha nzuri, taa mbovu, njoo mchana." Au: "Kwaya ina sauti, viti havina migongo. Beba mto."

Lililompa umaarufu ni saa. Aligundua kwamba saa inayotangazwa na saa ya kuanza ni watu wawili wasiosalimiana, akaamua kuziandika zote mbili: "Saa kumi na mbili jioni (kwa kweli saa moja na robo)." Meneja wa ukumbi mkubwa wa maigizo alikuja ofisini amefura, akasema, "Mama, unatuvua nguo hadharani!" Mama Ratiba akamvutia kiti, akamwambia, "Anzeni saa kumi na mbili, mwanangu, nami nitafuta." Jumamosi iliyofuata pazia lilifunguliwa saa kumi na mbili kamili mbele ya watu tisa, kwa kuwa wengine wote walikuwa wamemwamini Mama Ratiba kwamba itachelewa. Ilichukua karibu mwaka mzima pande zote mbili kuaminiana. Leo kumbi tano kubwa za jiji huanza kwa wakati, na meneja yule, ambaye sasa ana mvi, hutuma ujumbe kuuliza hali ya goti la Mama Ratiba, linalomsumbua.

Kwa kuwa jioni moja ilikuwa na sehemu tatu za kupitia, hakuwahi kubaki mpaka mwisho. Anayebaki ni mumewe, fundi saa mstaafu, mtu mpole. Yeye huangalia mchezo wote, kisha humsimulia mkewe nyumbani. Mpango huu ulikwenda vizuri kwa miaka kumi na moja, mpaka Mama Ratiba alipokutana na mwigizaji mmoja benki akampongeza kwa jinsi alivyokufa vizuri kwenye onyesho la mwisho. Mwigizaji akashangaa: kwenye mchezo ule hafi, anaoa. Hapo ndipo shemeji yetu alipokiri kwamba taa zikizimwa tu usingizi humchukua, na miisho yote huitunga njiani akirudi. Mama Ratiba anasema mingine ilikuwa bora kuliko ya watunzi.

Sasa nirudi kwenye miezi ile minne. Novemba mkurugenzi alitukusanya na kutueleza kwamba Mama Ratiba akiondoka, wenye shughuli watajiwekea matangazo yao kwenye tovuti ya idara na kipeperushi kitafungwa. Ni mtu muungwana, na aliacha mlango wazi: kama wapo kati yetu watakaokubali kuzunguka kumbi pamoja na kazi zao za kawaida, kitaendelea. Akauliza nani yuko tayari. Mapokezi wakatazama dari. Dereva akatazama viatu. Mimi niliikagua kalamu yangu kana kwamba nimeiona siku ile kwa mara ya kwanza. Mama Ratiba aliuliza swali moja tu: "Tovuti ni sawa. Lakini nani atakwenda?" Kisha akakusanya karatasi zake. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na sikuwahi kumwona akitembea polepole namna ile kwenye korido yetu.

Januari akafanyiwa upasuaji wa goti na kupumzishwa wiki tatu. Kipeperushi nikakishika mimi. Wiki mbili za kwanza zilipita salama kwa sababu alikuwa ameacha kila kitu tayari. Ya tatu nilikosa tangazo moja la kujaza ukurasa wa nne, nikaokota kwenye simu habari za maonyesho ya picha za karakana za zamani za jiji, ndani ya ghala la kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Jumamosi, saa nne asubuhi, bure. Na ili lifanane na mengine, nikaongeza maneno ya kwangu: "Pana nafasi, njoo na watoto." Sikuwa nimewahi hata kupita mtaa ule. Nayaandika haya nikiona aibu, lakini kumsifu yeye nikaficha hili langu ingekuwa kumdhulumu.

Mpigapicha alikuwa ameahirisha kwa wiki mbili. Mwalimu mmoja alifika na wanafunzi ishirini na sita, wakakuta kufuli. Akafika pia fundi cherehani mstaafu anayetembelea mkongojo, aliyepanda mabasi mawili. Jumatatu mzee huyo alipiga simu. Laiti angefoka. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nilijua mmekwenda. Nyie huwa mnakwenda."

Mama Ratiba alirudi kazini Jumatano kwa magongo, siku tatu kabla ya ruhusa ya daktari. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alichofanya ni kunitajia, niandike, habari ya kwanza ya ukurasa wa kwanza wa toleo jipya: "Wiki iliyopita tulitangaza maonyesho ya picha. Tulikosea. Hatukwenda." Nikaongeza sentensi moja ya kujitetea kuhusu ugonjwa na upungufu wa watumishi. Akaifuta. Kisha akawapigia mwalimu na mzee yule mmoja mmoja kuwaomba radhi, na alipomaliza akaniambia nichukue daftari twende ghalani.

Ghala lile lina ngazi za chuma kwa nje, na yeye asingeweza kuzipanda. Akaketi chini juu ya kreti, akawa ananiuliza kwa sauti nami najibu kutoka juu. Ngazi ngapi? Kumi na tisa. Kuna pa kushika? Upande mmoja. Choo? Sijui. Basi nenda kaulize. Nilipanda na kushuka mara tatu, shati limelowa. Mara ya nne hakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe nilimuuliza mpigapicha, aliyekuwa juu akitundika picha zake, kama mtu mwenye mkongojo anaweza kuingia, akakumbuka kuna mlango wa kupakilia mizigo nyuma, chini kabisa, wenye lifti ya kuvuta kwa mkono, haujafunguliwa kwa miaka mingi. Tuliufungua siku ile kwa nyundo na mafuta. Niliporudi kwenye kreti na kumwambia, alitabasamu akaniambia nimsaidie kuinuka.

Siku ya maonyesho mzee wetu alipandishwa na lifti ile, akasimama mbele ya picha ya karakana ya ushonaji, na akabishana na mpigapicha karibu nusu saa kwamba cherehani ile imepitishwa uzi vibaya. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Nami nilielewa kwamba ningeweza kuifanya kazi hii, na kwamba nilitaka kuifanya.

Machi kwenye mkutano nilinyoosha mkono. Nilidhani niko peke yangu. Dada wa mapokezi akanyoosha. Dereva akanyoosha, akisema amemsubiri Mama Ratiba nje ya milango yote ya jiji hili, na amechoka kutojua ndani kuna nini. Mhasibu alinyoosha wa mwisho, kwa sharti la kupewa muziki tu. Mkurugenzi akatimiza ahadi yake palepale: kipeperushi kinaendelea.

Tangu hapo sisi wanne tumekuwa tukizunguka, na yeye akisahihisha taarifa zetu kwa kalamu nyekundu. Mhasibu alirudishwa ukumbi mmoja mara mbili kwa ajili ya choo. Taarifa yangu ya kwanza ilirudi nyekundu mpaka nikadhani kalamu imemwagika.

Alhamisi iliyopita dada wa mapokezi alimletea taarifa yake: "Wafinyanzi watatu wanafungua karakana zao Jumapili. Saa nane, na wataanza saa nane, nimewabana wote. Utashika udongo, vaa nguo usiyoipenda. Ngazi hakuna. Choo kipo, kinafungwa kwa ndani." Mama Ratiba aliisoma, akaisoma tena. Akafunika kalamu yake. Kisha akampigia mumewe simu, akamwambia kwamba Jumapili watakwenda kwa wafinyanzi. Mumewe aliuliza kama alikwenda kupaona. Akajibu, "Mimi hapana. Lakini watoto wamekwenda." Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyaficha. Wala sisi.

Mama Ratiba, ahsante kwa ngazi ulizotuhesabia, kwa milango uliyoigonga na kwa jioni zako zote. Tunakuombea goti lisilouma, mume asiyesinzia, na miaka mingi ya raha. Mjini kuna mengi ya kuona wiki hii. Nenda popote moyo unapopenda, Mama. Sisi tumeshakutangulia kupaona.