Kofia ya Mwalimu Thabit

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutupa pole hapa Al Khoudh, mimi ni Sinan, na mama ameniomba niwasomee maisha ya baba yetu, Mwalimu Thabit bin Ghanim.

Marehemu alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Machi 1940, akasoma huko na kisha Cairo, akaingia Maskati mwaka 1972, na tangu 1990 hadi alipostaafu mwaka 2002 alisomesha chuoni historia ya Japani, somo ambalo wanafunzi walilichagua kwa mzaha wakatoka wakilia, kwa sababu ya mtu mmoja, Heisuke.

Heisuke alikuwa samurai wa bwana mdogo asiyejulikana sana; alianza kumtumikia akiwa kijana, akambebea bendera vitani, akapigwa mshale wa bega akiwa mbele yake, na kila alipotoka mkewe alimfunga kamba za kofia ya chuma, akamwambia arudi kula. Ila asubuhi ya mwisho, ngome yao imezingirwa, Heisuke aliifukiza kofia ile kwa udi, kama walivyofanya samurai waliojua hawarudi, ili adui akimkata kichwa akikute kinanukia, na mkewe aliusikia moshi, akaelewa, akafunga kamba. Nyumbani pia baba alitusimulia, na akifika hapo alikuwa akikohoa, akaomba chai, nasi tukatazama pembeni.

Alimuoa mama, Bi Nasriya, huko Ruwi, tarehe 6 Juni 1975, wakajaaliwa Lamya na mimi. Kila Ijumaa mama alimfukizia kanzu, lakini kofia baba alimnyima, akimtania kuwa yeye si Heisuke, yeye anarudi kula.

Mwaka 2004 moyo wake ulianza kumsumbua, ukapangiwa upasuaji Jumatatu, tarehe 8 Agosti 2005. Asubuhi hiyo, mbele ya chetezo, alivua kofia akampa mama, akasema, "Leo na hii, Bi Nasriya," na mama akaifukiza, akamvisha. Baba alifariki alasiri ile.

Tunawashukuru madaktari, walimu wenzake, na majirani waliotupikia. Sanda mama ameifukiza kwa udi uliobaki.

Baba, mama ameniagiza nikwambie mbele za watu kwamba alielewa, na alitaka kukushika mkono usitoke, akachelea kukutia hofu. Mungu akuweke pema, pumzika kwa amani, na chakula chako cha mchana ule alikipakua.